Mgongo wa Mtazamaji

Mtu asiyetoka kwetu akisikia ngoma ya Wasukuma, jambo la kwanza linalomjia akilini ni nyoka. Pengine amewahi kuona picha ya kijana aliyevaa chatu shingoni kama skafu. Pengine alihudhuria sherehe fulani Dar es Salaam, wachezaji wakaingia na kapu, wakatoa chatu, akina mama wa meza kuu wakaruka kwenye viti, watu wakacheka, ngoma ikaisha. Simlaumu mtu huyo. Hicho ndicho alichoonyeshwa. Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza kwa nini naona kwamba alichoonyeshwa ni mkia tu wa ngoma, na kwamba kilichokatwa hakikuwa urefu peke yake.

Kwa wasioijua Shinyanga, naomba nianze na msimu. Mtama, mahindi na pamba vikishavunwa, jua la Juni likakausha mbuga na njia zikapitika, kazi hupungua na vijana hubaki na mikono mitupu. Huo ndio wakati wa mbina, yaani ngoma za mashindano, kuanzia mwezi wa sita hata wa nane, na pengine wa tisa mvua zikichelewa. Uwanja wa mbina hauna jukwaa. Kundi moja husimama upande huu, kundi la pili upande ule, na yote mawili huanza kwa wakati mmoja. Nasisitiza neno hilo: wakati mmoja. Hakuna anayengoja mwenzake amalize. Ngoma za huku zinagongana na ngoma za kule, manju wa huku anaimba huku akiisikia sauti ya hasimu wake, na katikati wamesimama watu, mamia kwa mamia, ambao hawakukata tiketi, hawakupewa kiti, wala hawakualikwa na yeyote. Wana miguu tu. Kule kunakowavutia ndiko waendako, na jua likishakuchwa, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda.

Basi jaji wa ngoma hii ni mgongo wa mtazamaji. Manju akiona uso, yu salama. Akianza kuona migongo, ajue wimbo wake umekwisha ladha, na anayo dakika moja au mbili ya kutafuta jambo jingine kabla uwanja haujamhama. Sijui sanaa nyingine yenye mtihani mkali kuliko huo. Mwandishi wa kitabu akimchosha msomaji, msomaji hufunga kitabu chumbani kwake na mwandishi hapati habari. (Nawe unaweza kufanya hivyo sasa hivi, nami sitajua.)

Simulizi za wazee zasema mambo haya yalianza karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana wapate kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, na wa Gumha wakawa Wagalu. Tangu hapo ngoma nyingi za Usukumani, hata ziwe na majina yao wenyewe, ziliingia upande mmoja au wa pili. Palikuwa na bununguli, ya wawinda nungunungu. Palikuwa na bugoyangi, ya wakamata nyoka, ambao pamoja na kucheza na nyoka walikuwa watabibu wa walioumwa na nyoka, jambo ambalo meza kuu haliambiwi. Palikuwa na bugobogobo, ngoma ya jembe. Na palikuwa na wigashe, ambayo jina lake latokana na neno la Kisukuma lenye maana ya kukaa, kwa kuwa vijana huimba wakiwa wameketi.

Katika kushindania miguu ya watu kila ufundi uliruhusiwa. Palichongwa vinyago vya mbao vyenye mikono na miguu ya kuchezeshwa, vikatolewa ghafla wakati hasimu anapoanza kunoga. Wengine walitoa fisi hai mwenye kamba shingoni. Nyoka naye alikuwa na kazi hiyo hiyo: alitolewa saa ya hatari, pale watu wanapoanza kugeuka, ili kuwarudisha. Alikuwa jibu kwa kitendo cha hasimu. Sasa mtoe hasimu, umlete nyoka peke yake mbele ya watu walioketi wasioweza kuondoka. Atakuwa anamjibu nani?

Yupo atakayesema kwamba mtihani wa namna hiyo unampa ushindi mwenye vituko, si mwenye sanaa. Ni hoja nzito na siwezi kuipuuza. Nimeona kwa macho yangu wimbo mzuri sana ukiachwa na watu kwa sababu kule upande wa pili mtu mmoja alikuwa amepanda mti na kuning'inia kichwa chini. Watu wote wakaenda kumtazama. Lakini mtu hawezi kuning'inia kutwa. Ilipopita nusu saa watoto peke yao ndio waliobaki chini ya mti, na watu wazima walikuwa wamerudi mmoja mmoja kwenye wimbo, wakijifanya kama hawakuwa wameondoka. Mashindano yalidumu siku nzima, na aghalabu siku kadhaa, na huo urefu ndio uliokuwa dawa ya vituko. Kituko huvuta watu, lakini cha kuwaweka mpaka jioni ni maneno.

Maneno yenyewe yalimgharimu manju. Kisukuma humwita ningi, na ningi hakuthubutu kurudi uwanjani na nyimbo za mwaka jana, maana hasimu wake alizijua na alikwisha tunga majibu. Alilazimika kutunga upya kila msimu: habari za njaa, za bei ya pamba, za karani aliyechezea mizani, za mume aliyeuza ng'ombe kwa siri, na matusi mengi ya ufundi juu ya hasimu na ukoo wake. Msikilizaji alikuja kusikia nani kasemwa mwaka huu. Kwa maana hiyo ningi alikuwa gazeti, na gazeti lenye mpinzani hodari hatua mia moja kutoka pale, anayelisahihisha kwa sauti ya ngoma.

Linganisha na kinachoimbwa leo kwenye mapokezi. Nimewahi kuketi katika kamati ya kupokea mgeni mkubwa katika mji mmoja wa mkoa wa Geita. Kundi la ngoma lilikuja asubuhi na mapema kutoka mbali, wachezaji wapata ishirini, na mkuu wao alikuwa mzee ambaye nilikwisha kusikia sifa zake. Aliletewa karatasi yenye jina la mgeni, cheo chake na miradi aliyoileta, akaambiwa ayaingize katika wimbo. Alipewa dakika tatu. Mgeni alichelewa saa nne, wachezaji wakakaa juani, na alipofika dakika zikawa mbili. Mzee aliimba yale majina sawasawa, mshereheshaji akamkata katikati ya ubeti kwa kumshukuru, meza kuu ikapiga makofi. Nilimfuata baadaye nikamwamkia, nikamwuliza kama alikuwa na nyimbo nyingine mwaka ule. Akanijibu, "Mwanangu, ninazo. Lakini zile zina watu ndani yake, na hapa hakuna wa kunijibu." Kisha akaniuliza kama najua posho inatolewa dirisha gani.

Namna ngoma ilivyofika hapo ni habari ndefu, na si ya ubaya mtupu. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa uchungu wa mtu aliyeona jinsi Waafrika walivyofundishwa kuzionea haya ngoma zao. Nani angepinga? Kundi la ngoma la taifa likaanzishwa, wakakusanywa wachezaji na walimu kutoka makabila mbalimbali, na kazi hiyo hatimaye ikarithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Sindimba ya Wamakonde ikapata umaarufu nchi nzima, na bugobogobo ikapata umaarufu. Mtoto wa shule huko Mtwara aliweza kucheza ngoma ya Shinyanga. Hilo ni jambo la kujivunia, nami najivunia.

Lakini tazama bugobogobo ilivyosafiri. Nyumbani kwake ilikuwa shambani. Mwenye shamba kubwa alialika kundi la walimaji, akaandaa ugali na nyama, wakaja na ngoma zao, na mapigo yakaongoza majembe. Mstari mzima uliinua pamoja na kushusha pamoja. Aliyechoka alibebwa na mdundo, aliyekuwa mvivu alifichuliwa nao. Kurusha jembe juu na kulidaka, ambako leo kunapigiwa makofi, kulikuwa ni kuringa kwa mtu aliyekwisha maliza sehemu yake. Kilimo cha pamba kilipopanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, na Wasukuma wengi wakahamia Geita kufyeka misitu iliyokuwa na mbung'o, majembe hayo na nyimbo hizo vilikwenda nao. Kuna vijiji kule ambavyo ardhi yake ilivunjwa kwa mara ya kwanza kwa mapigo ya ngoma. Kisha likaja jembe la kukokotwa na ng'ombe likaenea, na ng'ombe hahitaji wimbo. Shamba likaiacha bugobogobo kabla serikali haijaichukua, na lazima niseme hivyo kwa haki, maana wako wanaosimulia kana kwamba jukwaa liliiua ngoma iliyokuwa na afya njema.

Jukwaani, basi, wachezaji hulima saruji. Huinama kwa pamoja, huinua kwa pamoja, na wote ni hodari, pengine hodari kuliko walimaji wa zamani, kwa kuwa wamefanya mazoezi mbele ya mwalimu. Hakuna aliyechoka kati yao. Hakuna wa kufichuliwa. Mimi huona kwamba usawa huo ndio unaoifanya isikumbukike. Ukiwa umeitazama mara moja umeitazama zote. Na wigashe haikupanda jukwaani kabisa, au ilipanda kwa nadra, kwa kuwa haina kuruka. Watu walioketi wakiimba maneno mengi ya Kisukuma hawamfai mgeni anayeondoka baada ya dakika tatu. Kwa hiyo ngoma yetu yenye fasihi nyingi kuliko zote ndiyo isiyojulikana na taifa.

Nilidhani shida hii ni yetu peke yetu mpaka siku nilipokuwa nikimsimulia habari za nyoka mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini Shinyanga. Wahindi wa maduka ya kwetu wengi asili yao ni Gujarat na Kutch. Yeye alisema kaskazini mwao, katika nchi ya Marwar kwenye jangwa la Rajasthan, wako pia wakamata nyoka wanaocheza, nao huitwa Wakalbeliya. Nikatafuta habari zao. Marwar ndiko asili ya Wamarwadi, wale matajiri mashuhuri wa biashara waliotapakaa India nzima hata Calcutta, na jangwa hilo hilo lina watu maskini ambao kazi yao ilikuwa kuwaburudisha. Wako wachezesha vikaragosi vya mbao vinavyoning'inizwa kwa nyuzi, na wako Wakalbeliya, waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba na swila ndani ya vikapu, wakitoa dawa na kupewa chakula. Sheria ya wanyamapori ya India ya mwaka 1972 iliwazuia kukamata nyoka. Riziki ikaondoka. Kilichobaki ni ngoma ya wanawake wao, wenye sketi nyeusi pana za nakshi, wanaojinyonga kiuno kama nyoka ambaye hayupo tena. Ngoma hiyo ikapanda majukwaa ya mahoteli na matamasha, na mwaka 2010 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Ni ngoma ya kupendeza mno. Nimeitazama katika video mara nyingi, na kila mara nimejiuliza ni nani katika watazamaji wale wa viti vya mbele anayeweza kuondoka akaenda kwa kundi jingine. Hakuna kundi jingine. Mtalii amelipia chakula cha jioni.

Hapa kwetu yuko mtu mmoja aliyeelewa jambo hili mapema, naye hakuwa Msukuma. David Clement, mmisionari wa Wapadri Weupe kutoka Kanada, alifika Bujora, karibu na Kisesa nje kidogo ya Mwanza, katika miaka ya 1950, wakati ambapo Mkristo aliyeonekana kwenye mbina alihesabiwa amerudi upagani. Alijenga kanisa la mviringo kwa sura ya nyumba za kwetu, akakusanya ngoma na viti vya watemi, na makumbusho yake yakafunguliwa mwaka 1968. Makumbusho kila mtu huyasifu. Mimi namsifu zaidi kwa sikukuu ya Bulabo, inayofanyika wakati wa Ekaristi Takatifu, kwa kawaida mwezi wa Juni. Jina lenyewe ni la maua. Angeweza kualika kundi moja liimbe baada ya misa, watu wakala wakaenda zao. Badala yake aliwaleta Wagika na Wagalu wote wawili, akawaacha washindane kama walivyozoea, uwanja ukagawanyika, na watu wakatembea kwa miguu yao. Bila shaka mengi yalisafishwa. Dawa zilikatazwa hadharani, na matusi yakapungua chumvi. Hata hivyo kiini kilibaki, na ndiyo sababu Bulabo imeendelea muda mrefu baada ya yeye kufariki.

Sitaki kuyapaka sukari mashindano ya zamani. Yalikuwa na ugomvi wa kweli. Ningi aliyepoteza sauti katikati ya uwanja aliamini amerogwa, na aliyetajwa kuwa mrogaji hakulala salama. Nyumba ziligawanyika, mke Mgika na mume Mgalu. Wazazi walilalamika kwamba vijana walipotelea kwenye ngoma wiki nzima na mifugo ikabaki na watoto. Anayetaka mbina irudi na kila kilichokuwa ndani yake hajaishi nayo.

Na katika ukanda wa dhahabu? Huko ndiko mambo yamekwenda nisivyotazamia. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Kati ya migodi hiyo na pembezoni mwake wamejaa wachimbaji wadogo, vijana wa Shinyanga, Simiyu na Kahama waliokwenda kujaribu bahati mashimoni. Kijana huyo hana msimu wa mavuno. Akipata leo hustarehe leo. Nilitegemea kwamba miji kama Katoro ingekuwa kaburi la nyimbo za Kisukuma, ibaki miziki ya disko tu. Imekuwa kinyume. Wachimbaji ni wateja wakubwa wa wale waimbaji wanaoitwa wa nyimbo za asili, wanaorekodi studio kwa Kisukuma, kwa kinanda cha kompyuta, wakipiga video zenye wachezaji wa kike na pikipiki mpya. Zilianza kwa kanda, zikaja sidii, kisha kadi za simu, na sasa YouTube.

Wazee wenzangu huzidharau. Hata mimi kinanda chake hunichosha, kwa maana mdundo ni ule ule kutoka wimbo hadi wimbo, na kuna waimbaji ambao kazi yao ni kutaja majina ya wenye fedha waliolipa watajwe, jambo lisilo tofauti na karatasi ya kamati yetu. Lakini nikizisikiliza vizuri nasikia kitu ambacho jukwaa la taifa lilikipoteza. Waimbaji hawa wana mahasimu. Huyu akitoa wimbo, yule hujibu kabla ya mwezi kuisha. Mashabiki wao hugombana kwenye vijiwe vya kahawa, na wimbo wa mwaka jana haumlishi mtu mwaka huu. Yamerudi maneno ya njaa, ya ndoa, ya shimo lililowafukia watu, ya mke aliyeachwa kijijini akilima. Ningi wa Ngika angeyatambua.

Kuna pengo moja tu, nami sioni kama ni dogo. Mwimbaji wa video huona hesabu ya waliomtazama. Hauoni mgongo wa aliyeondoka kwenye ubeti wa tatu. Hawezi kubadili ubeti wa nne kwa ajili yake. Labda ndiyo maana nyimbo hizi ni ndefu bila kukua, na labda ndiyo maana waimbaji wale wale wakialikwa kwenye harusi ya kijijini, mbele ya watu wanaosimama kutuza au kukataa kutuza, huimba vizuri maradufu. Nimelisikia jambo hilo zaidi ya mara moja, na kila mara wimbo ule wa harusini haukurekodiwa na mtu.

Kwa ndugu zangu wa kamati za mapokezi, wa Shinyanga na wa Geita, nina ombi ambalo halihitaji bajeti kubwa. Mkialika kundi la ngoma, alikeni na hasimu wake. Muwaweke hatua mia moja baina yao, waanze pamoja, na msiwape karatasi yoyote. Kisha ondoeni viti. Mgeni rasmi naye asimame na wananchi, achague upande wa kuutazama, na akichoka ageuke.